Kisu Kilipita Chini ya Kiungo

Mama Mkasi alikuwa na vitu viwili alivyovifundisha udogo: mti wa wisteria aliouweka kwenye bakuli la udongo, na mke wa mwanawe. Vyote viwili alivianza vikiwa vibichi, kwa sababu ile methali ya samaki mkunje angali mbichi aliiamini kuliko kitu kingine chochote duniani. Mti aliufunga waya. Mkazamwana hakuhitaji waya, ulimi ulitosha.

Jina la Mkasi halikuwa la kuzaliwa. Alishona nguo za watu miaka thelathini, na mkasi wake hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata kwa kukatia uzi. Alipoacha cherehani mkono ulibaki unamwasha, ndipo akaenda kwa Mzee wa Kitalu akarudi na kile kimti. Kimo chake hakikufika goti. Mzee alimweleza kuwa wisteria ikiachiwa hupanda hadi kwenye paa na kung'oa mabati, lakini ukiibana mizizi, ukaipogoa kwa wakati wake na ukawa na moyo mgumu, itatulia kwenye bakuli, na siku moja itakushushia vishada vya maua ya zambarau virefu kuliko mti wenyewe.

"Moyo mgumu ninao," alisema Mama Mkasi, na hapo hakudanganya.

Mkazamwana aliolewa mti ukiwa na mwaka wa pili mle bakulini. Alikuwa mpimaji katika duka la dawa, mwanamke wa mizani na vijiko vidogo, asiyemwaga hata punje. Mumewe alikuwa fundi saa. Huyo bwana angeweza kushinda kutwa akibembeleza skrubu isiyoonekana kwa macho, lakini mama yake akikohoa chumba cha pili alisimama wima. Mkazamwana aliipenda ile mikono yake ya subira. Mengine aliyajua baadaye, na baadaye huwa ni kuchelewa.

Mwaka wa kwanza bila mtoto, Mama Mkasi alinyamaza. Wa pili akaanza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Wa tatu akaona kunyamaza kunamharibia afya.

"Huu mti hautoi maua, lakini angalau una udhuru," aliwaambia wageni huku akikata vichomozi vya kijani. "Unaishi kwenye bakuli. Mwenzake anaishi kwenye nyumba ya vyumba vinne."

Wageni walicheka. Mkazamwana naye alicheka, kicheko cha jino pembe, kisha akaenda jikoni akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Mwaka huohuo wa tatu ndipo kiapo kilipotoka. Shangazi yake fundi saa, dada wa marehemu baba mkwe na sauti ya ukoo mzima, alikuwa amekuja na wenzake wanne, wote watu waliokula chumvi nyingi na bado hawajashiba maneno. Walikaa sebuleni, mti ukiwa juu ya stuli ndefu dirishani. Mama Mkasi alisimama akaweka kiganja juu ya bakuli.

"Mimi si mkatili," alisema, na mtu akianza hivyo jifunge mkanda. "Simfukuzi mtoto wa mtu. Mzee wa Kitalu ameniambia mti huu utachanua mwakani, ukichelewa sana mwaka wa pili. Basi nampa muda huo. Mti ukichanua naye hajanipa mjukuu, mwanangu ataoa mwingine. Nyote mmesikia."

"Tumesikia," alisema Shangazi, na wengine wakaitikia.

Mkazamwana alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa sahihi kabisa kwa kuwa aliirekebisha mwenyewe.

"Na kesho muende hospitali wote wawili," Mama Mkasi akamalizia, "nisije nikasemwa sikutenda haki."

Walikwenda. Daktari alimwambia mkazamwana hana tatizo lolote. Majibu ya mume yalichelewa wiki moja, akayafuata na mama yake. Jioni alirudi akasema, "Mimi pia wamesema sina neno." Mkazamwana alifurahi usiku ule, asubuhi akaishiwa furaha. Kama hakuna mwenye kasoro, basi lililobaki ni bahati, na bahati haipimwi kwa kijiko. Mti ulikuwa pale dirishani, macho ya maua yameanza kuvimba kwenye vitawi vifupi.

Mchana, saa ya mapumziko, akaenda kitaluni. Alimwuliza Mzee kwa mzunguko, kama mtu mwenye hofu ya kukosea: ni kitu gani kinaweza kuuzuia mti wa Mama usichanue?

Mzee alicheka. "Huruma," alisema. "Wisteria ikishiba inasahau kuzaa. Mwambie mama mkwe wako asithubutu kuupa ile mbolea nyeupe ya kukuzia, ya chumvichumvi. Utajaa majani mpaka yawachoshe, na ua hamtaliona."

Alirudi nyumbani na mbolea ndani ya vibahasha vya dawa. Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa, Mama Mkasi akijilaza baada ya chakula cha mchana, mkazamwana alipima kijiko kimoja cha chai, akakikoroga kwenye kopo la kumwagilia, akaunywesha mti taratibu. 

Wiki ya tatu alirudi kutoka kazini akaukuta mti umekatwa. Haukuwa umepunguzwa. Ulikuwa umekatwa karibu na udongo, kimebaki kisiki, na ubavuni mwa kisiki, chini kabisa, kichomozi kimoja chembamba.

"Nimeupogoa," alisema Mama Mkasi akifuta mkasi kwa kitambaa. "Ulianza kiburi. Utaanza upya."

Mkazamwana aliingia chumbani akafunga mlango, akacheka ndani ya mto hadi machozi yakamtoka. Kikongwe kimejikata chenyewe! Alihesabu: amepata mwaka mmoja, huenda miwili. Hata hivyo hakuacha kulisha. Mpimaji mzuri hategemei uzembe wa mwenzake.

Miaka ikaenda tisa. Kile kichomozi kikawa shina, kikafungwa waya, kikafundishwa kuinama kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni. Kila baridi ilipopita, majani yalilipuka, mapana, ya kijani kizito, na mikamba yake ikatambaa hadi kwenye pazia. Ua hakuna. Kila mwaka Shangazi alikuja kuukagua, akainamisha pua, akainuka akasema, "Bado." Mkazamwana alijibu moyoni, bado na hutaliona. Mchana alipima mbolea, jioni alipima tumbo lake kwa kiganja, na majirani waliokuwa wakimwita kwa jina walianza kumwita "yule wa fundi saa asiyejaliwa." Watoto wa wenzake walivuka shule ya msingi. Yeye alikuwa akishindana na mti.

Na Mama Mkasi hakupumzika hata siku moja. Akimwona ameshika mtoto wa jirani alisema, "Mrudishe, usije ukamwambukiza." Siku mkazamwana alipotimiza miaka thelathini na tano alimpa zawadi: kifurushi cha nguo za kichanga alizozishona mwenyewe, ndogo, nadhifu, na mishono isiyoonekana. "Kunja uweke," alisema. "Zitamfaa atakayekuja."

Kisha kiharusi kikampiga Mama Mkasi katikati ya sentensi. Alikuwa akimwambia mkazamwana kwamba hajui kukunja shuka, na akafika kwenye neno "shuka" tu. Upande wa kulia ulikufa wote, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Ulimi uliolisha nyumba ile maneno kwa miaka yote ukabaki na sauti moja tu, "ah".

Ukoo ukakutana, ukaamua kwa kauli moja kwamba mkazamwana ndiye atakayemwuguza. Hakupinga. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko na kumpangusa kidevu, na majirani wakasema kweli mwanamke yule ana moyo. Moyo alikuwa nao, ila hawakujua una nini ndani. Kila Jumanne na Ijumaa alimsogeza yule mama kwenye kiti chake hadi dirishani, uso kwa uso na mti. Sasa hakuwa na haja ya kuvizia usingizi wa mtu.

"Tazama, Mama," alisema siku ya kwanza, akakiinua kijiko juu ili kionekane. "Mbolea ya kukuzia. Miaka tisa naupa. Unakumbuka ulivyokuwa ukiugombeza mti kwa nini hauchanui? Ni mimi." Akakoroga. "Kula mwanangu, shiba," aliuambia mti. "Bibi yako anatazama."

"Ah," alisema Mama Mkasi, na ile nusu ya mdomo iliyo hai ikavutika juu.

Mkazamwana aliona ni maumivu, akalala vizuri. Akarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata, akiongeza kijiko cha pili ambacho mti haukukihitaji. Hata mwenye kiapo hakuwa tena na ulimi wa kukidai. Aliendelea kwa sababu ilikuwa tamu, na tusimtafutie sababu nyingine.

Utamu ukazidi. Ncha za majani zikaanza kuungua, kahawia, kisha majani yakaanguka yangali mabichi. Shangazi alikuja, akatazama, akafunga mikono kifuani.

"Mti wa Mama ukifia mikononi mwako," alisema, "tutajua Mama naye yuko kwenye mikono gani."

Ndipo mkazamwana alipoubeba mti kwa mikono miwili hadi kitaluni.

Mzee wa Kitalu aliuweka juu ya meza, akanusa udongo, akakunja uso. "Mmeupika huu," alisema. Akauchomoa kwenye bakuli, akaosha mizizi kwa maji, akachukua mswaki wa zamani akaanza kusugua kisiki. Alisugua, akasimama, akasugua tena. Kisha akavaa miwani.

"Nani kaukata hapa?"

"Mama. Aliupogoa."

"Huku si kupogoa." Alimwonyesha kovu pana, laini, limefunikwa na gome jipya. "Sikiliza, mwanangu. Wisteria ya kuchanua huwa ni miti miwili. Chini ni mzizi wa mwitu, una nguvu lakini ukiungoja ua utazeeka. Juu naunga kitawi cha mti uchanuao. Huu niliuunga mwenyewe, kiungo kilikuwa hapa juu. Kisu kimepita chini yake. Mti uchanuao ulitupwa jalalani siku ileile. Mnachofuga ni mzizi."

"Kwa hiyo hata bila mbolea..."

"Ulishe, usiulishe. Ungewazika wote na ua msilione."

Mkazamwana alishika ukingo wa meza. "Labda alikosea. Hakujua."

"Alijua," Mzee alisema, akipangusa mswaki kwenye suruali. "Alikuja mwenyewe. Mwaka ule bomba kubwa la mji lilipopasuka nikawa nabeba maji kwa ndoo. Aliniuliza kiungo kiko wapi hasa, asije akakikata kwa bahati mbaya. Nikamwonyesha kwa ukucha."

Mwaka wa bomba. Wao pia walibeba ndoo, na alizibeba siku waliyotoka hospitali. Kichwa cha mpimaji kiliweka tarehe kwenye sahani moja ya mizani na kisiki kwenye ya pili, na mizani ikasimama sawasawa.

Alimkuta mumewe kwenye meza yake ya kazi, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho, saa ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake.

"Majibu yako ya hospitali yako wapi?"

Hakuuliza majibu gani. Alivuta droo ya chini, ile ya saa zilizokufa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mkazamwana alisoma kwa urahisi, ndiyo kazi yake, maandishi ya madaktari. Hana uwezo wa kuzaa. Hakuna tiba.

"Mama alisema akupe muda," fundi saa alisema. Kioo bado kilikuwa jichoni, na jicho lilionekana kubwa, lenye maji.

"Muda wa nini?"

"Wa kuzoea. Kiapo alishakitoa mbele ya watu. Mti ungechanua ningelazimika kuoa, na huyo mwingine naye asingepata, na watu wangeanza kuhesabu. Kwa hiyo akaukata. Ulikuwa salama, mke wangu. Usingefukuzwa kamwe."

"Na kuitwa tasa?"

Akashusha macho kwenye saa ya mtu. "Mama alisema wewe una nguvu, utabeba."

Miaka tisa wanawake wawili walikuwa wameunyima mti mmoja ua, kila mmoja kwa siri yake, na mmoja wao alikuwa akicheka. Sasa mkazamwana alielewa ile nusu ya mdomo. Hayakuwa maumivu. Yule bibi, amepooza, anatokwa na mate, alikuwa akimtazama mjinga akilisha mzizi. Mkazamwana alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe alikuwa akiishika yeye.

Alilia, ndiyo. Alilia chooni dukani, maji ya bomba yakiwa wazi, kwa ajili ya miaka ambayo angeweza kuolewa na mtu mwingine yeyote, hata mlevi, na akazaa. Kisha akanawa uso akarudi kitaluni.

"Uliwahi kuunga mwingine kama ule?" alimwuliza Mzee. "Wa rika lile?"

Alikuwa nao. Umetoka kwenye mti mama mmoja, umeinama hivyohivyo, na macho ya maua yamevimba tayari. Mzee alisita, mti unaokaribia kuchanua hausumbuliwi, lakini bakuli lilikuwa na kipimo kilekile na angeweza kuuhamisha na udongo wake wote. Hakuuliza unakwenda kufanya nini. "Mimi nauza miti," alisema. "Shughuli ya maua ni yenu."

Baada ya siku kumi na mbili, vishada vilishuka kutoka kwenye stuli ndefu, vya zambarau, vinene juu na vyembamba chini, na harufu yake tamu ikajaa hadi barabarani. Mkazamwana alimpigia simu Shangazi.

"Njoo na wenzako wote," alisema kwa sauti ya unyenyekevu. "Mti umechanua."

Walikuja mbio. Shangazi alisimama mbele ya maua, akapiga kigelegele ambacho hakuwa amekipiga miaka mingi. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kutofautisha shina na shina. Ukimtoa mkazamwana, waliojua walikuwa wawili tu ndani ya chumba. Mmoja alikuwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umenyooka kuelekea bakuli, akisema "ah, ah, ah" mpaka mshipa wa shingo ukamsimama.

"Masikini, anafurahi," alisema Shangazi akimpangusa mate.

"Amengoja sana," alisema mkazamwana.

Wa pili, fundi saa, alimfuata mkazamwana jikoni, uso umekwenda rangi ya majivu. "Ule si mti wetu," alinong'ona.

"Waambie."

"Nitawaambiaje?"

"Waambie mti wenu hauwezi kuchanua. Watakuuliza umejuaje. Karatasi iko kwenye droo yako, na mikono unayo."

Mumewe alirudi sebuleni. Mkazamwana alisimama nyuma ya mlango akasikiliza, na hadi dakika ya mwisho, aibu iliyoje kuisema, alitumaini. Shangazi aliuliza kama mwana yuko tayari kutimiza kauli ya mama yake mbele ya ua lililoshuhudia. Fundi saa akakohoa.

"Niko tayari," alisema.

Binti aliletwa kabla maua hayajapukutika. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, muuza vitambaa, mchangamfu, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi. Mkazamwana alikuwa ameshafunga virago vyake, amepanga chumba juu ya duka la dawa. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliichukua kwenye droo asubuhi hiyo, na njia nzima kutoka chumbani hadi sebuleni alijiambia kwamba atampa huyu mtoto wa watu, ajiokoe.

"Dada, nifundishe mti," binti alisema. "Shangazi kasema huu ndio moyo wa nyumba."

Alimfundisha. Maji kila siku, na ukiwa na maua uukalishe kwenye sinia lenye maji. Ua likikauka likate kabla halijafanya maganda, na mbegu zake zina sumu, usiziache ovyo. Mikamba mirefu ifupishe ibaki na macho mawili matatu. Na usiushibishe. Binti alirudia kila neno kwa vidole.

"Mimi sina wasiwasi," alisema akicheka. "Kwetu tumezaliwa tisa. Sisi ni watu wa kuzaa, hata tukipita karibu na mwanamume tu."

Mkono wa mkazamwana ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeigusa karatasi. Akaiona njia yote kwa usahihi wa mizani. Akiitoa leo, watasema mke mwenye wivu ameandika karatasi, binti ataondoka, na yeye atabaki yule asiyejaliwa hadi kaburini. Asipoitoa, mwaka wa kwanza watanyamaza. Wa pili watamtazama binti tumbo. Wa tatu, mwanamke wa pili akiwa mtupu, mtu mmoja sokoni atauliza kuhusu fundi saa, na jina lake yeye litarudi safi. Miaka mitatu. Alishatoa kumi na miwili yake, na hakuna aliyemwuliza.

"Ah," alisema Mama Mkasi kutoka kwenye kiti. Kidole chake kilikuwa kimeelekea kwenye mkoba.

"Dada, Mama anataka nini?"

Mkazamwana alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akamtazama. Wakajuana, kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa. Ile nusu ya mdomo ikavutika juu taratibu.

"Anakukaribisha," alisema mkazamwana. "Akifanya mdomo hivyo, ujue amekupenda."

Binti akapiga magoti, akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. "Asante, Mama," alisema, na macho yakamlengalenga. Kisha akageuka. "Mwakani ukichanua nitakuita uje uuone, Dada. Utanikuta na mtoto mgongoni."

"Niite," alisema mkazamwana, akafunga zipu ya mkoba.